Kona ya Shangazi: Miiba Yake Haimchomi Chura?

Mwezi huu barua karibu zote zimebeba jambo moja: hadithi za watoto ambamo wawili wasiofanana wanakutana, wanaingia safarini, na mmoja wao anajifunza wema njiani. Mimi nimefundisha watoto wadogo kusoma kwa miaka 31. Nilipostaafu niliandika vitabu vitatu, na kati ya hivyo ni kimoja tu ninachoweza kukisoma bila kuona haya. Kwa hiyo ninayowajibu hapa chini mengi nimeyajua kwa kuyakosea kwanza. Barua nimezifupisha.

*

Shikamoo Shangazi. Nimeandika hadithi ya mtoto wa chui na mtoto wa swala. Wanakutana msituni, wanakuwa marafiki, kisha wanaondoka pamoja kumtafuta mama wa swala aliyepotea. Kuna mto uliofurika, kuna pango, kuna moto wa nyika. Nilidhani mikasa hiyo inatosha. Lakini nikiwasomea wanangu, tukifika ukurasa wa nne mmoja anachezea kamba ya kiatu na mwenzake keshalala. Nimekosea wapi?
*Baba wa Wawili*

Marahaba mwanangu. Umekosea kwenye mkato. Isome tena sentensi yako: "Wanakutana msituni, wanakuwa marafiki." Katikati hapo umeweka mkato mmoja mdogo, na hadithi yote imezama ndani yake.

Swala ana kila sababu ya kumkimbia chui. Mama yake alimfundisha kukimbia kabla hajamfundisha kula majani. Sasa wewe unamsimamisha mbele ya chui, unampa urafiki kama mtu anayegawa peremende, halafu unakimbilia mto, pango na moto ili tusisimke. Watoto hawasisimki, kwa sababu kitu cha kutisha kuliko vyote kilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza nawe umekiruka.

Chukua kisa cha kweli. Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipofika pwani ya Kenya, mtoto wa kiboko alikwama peke yake kwenye miamba ya matumbawe karibu na Malindi. Watu walihangaika naye kwa nyavu na kamba, maana alikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na hakutaka kushikwa. Wakamfikisha Haller Park, Mombasa, wakamwita Owen kwa jina la mmoja wa waokoaji. Humo alikuwamo kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, jina lake Mzee, aliyekisiwa kuwa na miaka 130. Owen aliposhushwa tu alikimbilia nyuma ya kobe, akajibanza pale kama mtoto anavyojibanza nyuma ya mama yake. Na Mzee je? Alifoka, akajiondokea. Owen akamfuata. Mzee akaondoka tena. Baadaye sana ndipo walipoonekana wakila pamoja na kulala ubavu kwa ubavu.

Wengi wakisimulia kisa hiki huanzia pale wanapolala ubavu kwa ubavu, kwa sababu ndipo picha ilipo nzuri. Mimi huanzia pale kobe anapofoka. Nikiwa mbele ya watoto, nikifoka na kugeuza mgongo, hakuna anayegusa kiatu chake. Wote wanataka kujua kama Owen atakata tamaa.

Nami nilikosea kosa hilohilo. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha nungunungu na chura. Ukurasa wa pili tayari walikuwa wameahidiana urafiki wa kufa na kuzikana. Niliwasomea watoto wa darasa la pili mswada ule, na binti mmoja wa mbele, meno mawili ya juu yameng'oka, akanyoosha mkono kabla sijafika ukurasa wa tatu. Akauliza, "Miiba yake haimchomi chura?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa 24 za nungunungu bila kuifikiria miiba hata mara moja! Nikafunga mswada, nikawaambia tutaendelea kesho. Kesho ile ilichukua miezi saba.

Nilikwenda kutafuta nungunungu ni mnyama wa namna gani hasa. Nikajua kwamba hatembei mchana, hutoka usiku. Hilo likamfaa chura wangu, maana ngozi yake haina budi kubaki na unyevu na jua lingemkausha. Nikajua pia kwamba harushi miiba kama watu wanavyodai. Akitishwa huisimamisha, huitikisa ikalia, na adui asipoondoka humwendea kinyumenyume, matako mbele, akamchoma. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Kitabu kilikuwa kimepatikana.

Kwa sababu fikiria: wawili hawa wanapita kwenye tundu jembamba chini ya ardhi, nungunungu mbele na chura nyuma, hakuna nafasi ya kugeuka. Mbele kunasikika mngurumo. Mwili mzima wa nungunungu unamwambia arudi kinyumenyume. Ndivyo alivyoumbwa, ndivyo baba yake alivyopona na babu yake alivyopona. Lakini nyuma yake yupo chura mwenye ngozi laini kama jani lililoloa. Nungunungu anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: anasimama palepale, anailaza miiba mmoja mmoja, anatetemeka.

Neno "wema" halimo kwenye ukurasa huo. Halimo popote kwenye kitabu. Lakini nikifika hapo, watoto huacha kupumua.

Basi rudi kwa chui wako. Usiniambie kwamba ana roho nzuri. Nionyeshe kucha zake zinavyotaka kutoka pale swala anapojikwaa, na anavyohangaika kuzirudisha. Swala naye mpe kitu ambacho chui hana na anakihitaji. Pengine anasikia sauti ambazo chui hazisikii, pengine anaijua njia. Wawili wanaohitajiana wana sababu ya kukaa pamoja hata kabla hawajapendana, na upendo ukija baadaye mtoto anauamini. Halafu futa viwili kati ya mto, pango na moto. Kimoja kinatosha.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kila Ijumaa nawasomea hadithi ya wema na urafiki, kisha nauliza: "Tumejifunza nini?" Wanaitikia kwa sauti moja: "Tuwe na roho nzuri!" Kengele ikigonga wanatoka nje, na dakika tano baadaye wanapigania mpira. Je, hadithi hazisaidii kitu?
*Mwalimu Aliyechoka*

Marahaba mwenzangu. Pole, nimevivaa viatu hivyo. "Tumejifunza nini?" si swali, ni kibwagizo. Watoto wanalijua jibu kabla hujafungua kitabu, kama wanavyojua kwamba ukisema "Paukwa!" wao waseme "Pakawa!" Tofauti ni kwamba Paukwa-Pakawa hufungua masikio, na hili lako huyafunga.

Kuhusu kama hadithi zinasaidia, kuna watu waliopima. Mwaka 2014 watafiti walichapisha jaribio la watoto wa miaka mitatu hadi saba. Mtoto aliachwa chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yake, akakatazwa kuchungulia. Wengi wakachungulia, bila shaka. Kabla ya kuulizwa kama alichungulia, akasomewa hadithi. Waliosomewa habari za mwongo anayeumbuka, yaani Pinocchio, mwanasesere wa mbao anayerefuka pua akidanganya, au mchunga kondoo aliyepiga kelele za uongo kwamba mbwamwitu amekuja, hawakusema kweli zaidi ya waliosomewa hadithi isiyohusu uongo kabisa. Waliosema kweli zaidi ni wale waliosikia kisa cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiwa mtoto, anayekiri kwamba ndiye aliyeukata mti wa baba yake, na baba akafurahia ukweli wake. Watafiti walipogeuza mwisho wa kisa hicho kikawa cha kusikitisha, nguvu yake ikapotea.

Mimi nalisoma hivi: mtoto anahitaji kumwona mwenzake akilifanya jambo zuri lililo gumu na likawezekana. Kumwona mbaya akiadhibiwa kunamfundisha kuiogopa adhabu tu.

Jaribio la pili litakuuma, nami liliniuma. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi ya kugawana. Kundi moja lilisomewa yenye wahusika watu, jingine hadithi ileile lakini wahusika ni wanyama waliovaa nguo. Kila mtoto alikuwa na stika zake za kumgawia mtoto mwingine asiyemjua. Waliosomewa ya watu waligawa zaidi baada ya kusikia. Waliosomewa ya wanyama, hapana. Niliposoma hayo nilimtazama nungunungu wangu kwenye rafu kwa jicho baya.

Lakini humohumo mlikuwa na jambo jingine: watoto waliomwona mnyama yule kuwa ana akili na hisia kama za mtu waligawa zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo daraja lipo, ila si kila mtoto analivuka peke yake. Kazi yako, Mwalimu, ni kumvusha. Acha kuuliza wamejifunza nini. Uliza: "Ungekuwa wewe uko mbele kwenye lile tundu, miguu yako ingekwenda wapi?" Mwache mmoja aseme angekimbia. Usimkosoe. Uliza: "Na chura?" Kisha nyamaza, hata kimya kikizidi. Mimi nilikuwa nahesabu hadi kumi kimoyomoyo, na mara nyingi kwenye saba hivi kuna mtu anasema kitu ambacho sikukitegemea.

Watapigania mpira Ijumaa ijayo pia. Wana miaka minane.

*

Shangazi, mhariri wangu anataka shujaa apate zawadi mwishoni kwa wema wake: hazina, au taji. Anasema watoto wasipoona faida hawatafuata mfano. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja.
*Mwandishi Chipukizi*

Hoja unayo, tena kongwe: tenda wema nenda zako. Mhariri akisema methali haitoshi, mpe hii. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18, ambao hata kusema bado hawajui vizuri, humwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka, bila kuombwa na bila kulipwa. Mwaka 2008 wakaongeza: baadhi ya watoto wa miezi 20 wakawa wanapewa kitu cha kuchezea kila wanaposaidia, wengine wanasifiwa tu, wengine hawapewi kitu. Zawadi zilipokoma, wale waliozoea kupewa walisaidia kidogo kuliko wenzao.

Maana yake mtoto anakuja na wema wake mfukoni, na sisi tunaanza kuununua mpaka anaanza kuulizia bei. Hazina na taji ni bei. Ukitaka mwisho wa furaha, na mimi naupenda mwisho wa furaha, furaha yenyewe iwe ni yule rafiki: kwamba yupo, kwamba kesho yake asubuhi amekuja tena. Mhariri akishikilia taji, liweke, lakini lisimtoshe shujaa kichwani. Watoto watacheka, na mhariri atakuwa ameridhika.

*

Mimi sipendi hizi hadithi za "rafiki usiyemtarajia". Tunamfundisha mtoto kwamba adui akitabasamu amfuate. Dunia si hiyo. Au Shangazi unaonaje?
*Mama Mwenye Wasiwasi*

Naona una haki ya wasiwasi, na nafurahi kwamba hujajifanya. Waandishi wengi wanachanganya wema na ujinga, na mtoto anayetoka na somo hilo yuko hatarini.

Ila hadithi za zamani zililijua hilo kabla yetu. Unakumbuka Kima na Papa? Mmishonari Mwingereza, Edward Steere, aliichapa kwa Kiswahili mwaka 1870 kwenye mkusanyo wake wa ngano, na mizizi yake inakwenda mbali zaidi, hadi kwenye visa vya India vilivyoingia Kiarabuni katika karne ya 8 kwa jina la Kalila na Dimna. Kima yuko juu ya mti ulioinamia bahari, anakula matunda na kumtupia papa aliye chini. Siku nyingi anamtupia. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angemwambia mapema, maana kima wakitoka matembezini huiacha mioyo yao mitini. Papa anageuza. Kima anapanda mtini, na huko hashuki tena.

Nimewasomea watoto kisa hicho mara nyingi mno, na kwa miaka mingi nilidhani kinahusu ujanja wa kima. Siku moja mvulana mmoja mkimya, ambaye kwa kawaida hakusema neno, akauliza kwa nini papa alimwambia. Kweli, kwa nini? Angenyamaza, kima angefika, mchezo ungekwisha. Tulibishana mpaka muda ukatuishia. Wengine walisema papa alikuwa mpumbavu. Yule mvulana alisema papa alishindwa kumdanganya mtu aliyemlisha.

Mimi niko upande wa mvulana. Matunda ya kima hayakupotea bure: yalimfungua papa mdomo. Na bado kima hakuurudia mgongo wa papa. Yote mawili yamo kwenye kisa kimoja, ukarimu na akili, na hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Kwa hiyo, mama, usizitupe hadithi hizi. Zipime. Uliza kama mhusika mdogo ana njia ya kutoka. Uliza kama anaruhusiwa kusema hapana katikati ya safari, na mwandishi akamheshimu kwa hilo. Hadithi ambayo mtoto lazima asamehe kila kitu ili aitwe mwema, hiyo hata mimi sikuruhusu uisome. Uikute dukani, irudishe rafuni.

*

Je, mhusika mbaya ni lazima abadilike mwishoni?
*Msomaji*

Hapana. Abadilike robo. Inatosha, na inaaminika zaidi.

*

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 9. Mimi na kaka yangu tunabishana. Yeye anasema wanyama tofauti kuwa marafiki ni uongo wa vitabu tu, kwa sababu mkubwa angemla mdogo. Mimi nasema inawezekana. Nani amesema kweli?
*Mdogo Mtu*

Marahaba mjukuu wangu. Kaka yako amesema kweli kidogo: mara nyingi mkubwa anamla mdogo, na hatuwezi kumlaumu, ana njaa. Lakini sikiliza hii, kisha umsomee kwa sauti.

Baharini kuna kamba mmoja, yule mdogo mwenye magando, ambaye haoni vizuri. Hata adui akiwa karibu hamtambui upesi. Lakini anajua kuchimba. Kutwa nzima anachimba shimo mchangani na kutoa mchanga nje, kama tingatinga dogo. Shimo hilo haishi peke yake. Anaishi na samaki mdogo aitwaye gobi, ambaye kuchimba hawezi hata kidogo, lakini ana macho makali.

Basi gobi anasimama mlangoni kulinda. Kamba akitoka na mzigo wake wa mchanga, ananyoosha sharubu yake moja ndefu na kuiweka juu ya mwili wa gobi. Haiondoi. Anafanya kazi hivyohivyo huku amemgusa mwenzake. Gobi akiona hatari anatikisa mkia, kamba anausikia mtikiso kwa sharubu, na kufumba na kufumbua wote wawili wako ndani.

Kama wanapendana, hapo kaka yako anaweza kubisha, na mimi siwezi kumshinda, maana gobi hajawahi kuniambia. Lakini kwamba mmoja anachimba kwa ajili ya wawili, na mwingine anaangalia kwa ajili ya wawili, hilo si uongo wa vitabu.

Sasa jaribuni hivi. Kaka yako afumbe macho awe kamba, wewe uwe gobi. Aweke kidole kimoja tu begani kwako, mzunguke nyumba nzima, na ukiona kiti au ukuta umtingishe bega. Hairuhusiwi kusema. Mkimaliza, badilishaneni. Halafu niandikie ni nani alijigonga mara nyingi zaidi, na kama alilia au alicheka.